Mafunzo ya Suzuki kwa Waigizaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameulizwa na waigizaji wa jukwaani na wa filamu wanaofikiria kujaribu mafunzo ya Suzuki, yale ya kukita miguu chini mpaka sakafu itikisike. Ninayafanya na ninayaongoza, na nayapenda kwa dhati. Ndiyo maana sitaki mtu ayaingie akiwa hajaambiwa ukweli: ni magumu, na anayeyafanya kwa pupa huumia.

Mafunzo haya yametoka wapi?

Japani. Yalibuniwa na mwongozaji Suzuki Tadashi, aliyezaliwa mwaka 1939 huko Shimizu, pamoja na waigizaji wa kundi lake. Mwaka 1966 yeye na wenzake, akiwemo mwandishi wa tamthilia Betsuyaku Minoru, walianzisha kundi dogo jijini Tokyo lililoitwa Waseda Shogekijo. Mazoezi hayakuandikwa kwanza mezani kisha yakapelekwa ukumbini. Yalizaliwa katika kazi, hasa kutokana na nguvu za mwigizaji Shiraishi Kayoko, ambaye mwaka 1974 aliwashangaza watazamaji katika tamthilia ya kale ya Kigiriki kuhusu wanawake wa Troy, akiwa bibi kizee wa Japani iliyoteketezwa na vita.

Mwaka 1976 Suzuki alilihamisha kundi kutoka jiji kuu hadi Toga, kijiji cha milimani katika mkoa wa Toyama, ambako theluji ya kipupwe hufukia nyumba. Walichukua nyumba za kale za wakulima, zenye mapaa marefu ya nyasi, wakazigeuza kumbi za maigizo. Msanifu Isozaki Arata alishiriki kazi hiyo na akabuni pia jukwaa la wazi kando ya bwawa. Mwaka 1982 tamasha la kimataifa lilianza hapo, na baadaye kundi likajulikana kwa jina la SCOT (Suzuki Company of Toga, yaani Kundi la Suzuki la Toga), ambalo linatumika hadi leo. Mahali penyewe panaeleza mengi kuhusu mafunzo: pana baridi, sakafu ni ya mbao, watu wanaishi na kufanya kazi pamoja, na hakuna pa kukimbilia.

Somo moja linakuwaje?

Mnaingia pekupeku au mmevaa soksi. Wajapani huvaa tabi, soksi za kitambaa zinazotenganisha kidole gumba na vingine, na zinasaidia kweli kwa sababu unyayo unateleza pale unapotakiwa kuteleza. Hakuna soga. Mkufunzi anatoa ishara, nanyi mnaanza.

Kwanza huja mazoezi ya msingi ya kusimama. Unahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, unakita, unashuka kuchuchumaa kwa hesabu, unapanda kwa hesabu. Hesabu hubadilika, mara haraka mara polepole mno, na wakati wote huo kichwa hakiyumbi wala mabega hayapandi. Kisha huja miendo ya kuvuka ukumbi: kukita mguu kwa nguvu, kutembea vidole vikielekea ndani, kutembea kwa ukingo wa nje wa unyayo, kwenda kwa ncha za vidole, kuburuza nyayo bila kuziinua, kwenda upandeupande, kutembea ukiwa umechuchumaa. Huo wa mwisho ndio unaowatoa watu machozi.

Zoezi linalojulikana kuliko yote ni la kukita miguu kwa muziki. Muziki unapigwa kwa muda wa kama dakika 3, nanyi nyote mnazunguka ukumbini mkikita kila mapigo, kwa nguvu zote mlizonazo, mikono imetulia, kiuno hakipandi wala hakishuki. Muziki ukikatika, mnaanguka chini. Kimya. Halafu filimbi ya mwanzi, shakuhachi, inaanza, nanyi mnainuka polepole kwa mwendo wa muziki huo na kusogea mbele kuwakabili watazamaji wasiokuwepo.

Wengi hudhani zoezi ni ile kelele ya kwanza. Mimi naona kelele ni maandalizi tu. Zoezi lenyewe ni kule kuinuka. Moyo unakwenda mbio, jasho limeingia machoni, mapaja yanatetemeka, na bado unatakiwa kuinuka bila mtu kuona kwamba unahema. Hapo unagundua kama wewe ndiye unayeuendesha mwili wako au ni uchovu unaokuendesha.

Kuna pia sanamu za kukaa na za kusimama. Ukiwa umekaa sakafuni umelegea, ishara inapigwa, na mara moja miguu na kifua vinainuka, umebaki kwenye makalio tu, umeganda, kisha unatoa maneno uliyoyakariri kwa sauti kamili. Ya kusimama hufanyika kwenye ncha za vidole, kwa kimo cha juu, cha kati au cha chini. Na kuna mwendo wa polepole wa mistari miwili inayopishana na kugeuka, wote kwa kasi moja isiyokatika. Ukiutazama kutoka nje ni kama hakuna kinachotokea. Ukiwa ndani, hakuna sehemu ya mwili iliyopumzika.

Kwa nini miguu, wakati mwigizaji anatumia uso na sauti?

Hoja ya Suzuki ni kwamba mwigizaji wa leo ameanza kuishi kuanzia shingoni kwenda juu. Viatu, viti, taa na vipaza sauti vimemwondolea kazi ambayo zamani ilifanywa na mwili, na jukwaa limezoea nguvu za mashine kuliko nguvu za kiumbe hai. Alirudi kutazama sanaa za kwao. Katika Noh, maigizo ya kale ya Japani yenye vinyago, mwigizaji huteleza kwa nyayo na kila baada ya muda hukita sakafu. Katika Kabuki, maigizo mengine ya jadi ya huko, hukanyaga kwa kishindo kabla ya kuganda. Unyayo ndipo mahali ambapo mwili na ardhi vinakutana, na namna unavyokutana na ardhi huamua namna sauti itakavyotoka.

Ukitaka kuielewa hoja hii, kita mguu mmoja sasa hivi, si kwa nguvu sana. Umehisi mshtuko ukipanda? Kwa mtu asiyefunzwa hufika mabegani, shingo ikakaza, pumzi ikakatika. Ukijifunza kuupokea chini ya kitovu, sehemu ya juu inabaki huru, na pumzi inabaki yako. Suzuki husisitiza mambo matatu: kuzalisha nguvu, kupima pumzi, na kutawala kitovu cha uzito wa mwili. Mazoezi yote, hata yale yanayoonekana ya ajabu, yanarudi kwenye hayo matatu.

Lipo jambo la nne ambalo mimi naliona ndilo roho ya kazi hii: lazima uwe unamtazama mtu au kitu mbele yako. Kila unapokita, kila unapoganda, kuna mtu unayemwambia jambo, hata kama mbele yako ni ukuta mtupu. Mafunzo haya yakifanywa bila huyo mtu ni mazoezi ya viungo tu, na kwa mazoezi ya viungo kuna njia nyingi rahisi zisizochosha magoti. Nikiona macho ya mwanafunzi yamegeuka ndani, anahesabu maumivu yake, namkumbusha nani anamsubiri pale mbele.

Je, ni ibada? Kukanyaga ardhi hivyo si kuita mizimu?

Swali hili huulizwa na Waislamu na Wakristo vilevile, na ni la haki. Ukumbini hakuna dua, hakuna sadaka, hakuna anayepandisha chochote. Lakini asili ya kukanyaga katika sanaa za Japani haiko mbali na dini yao ya jadi. Masimulizi yao yanasema mungu wa kike wa jua, Amaterasu, alipojificha pangoni na dunia ikawa giza, mungu mwingine wa kike, Ame-no-Uzume, alicheza kwa kukita miguu juu ya pipa lililofudikizwa hadi jua likatoka. Suzuki mwenyewe ameitaja habari hiyo alipoeleza kazi yake. Ukijua hilo, amua kwa dhamiri yako. Wengi tunayachukua kama mafunzo ya mwili na sauti, basi.

Nimesikia mkufunzi hushika fimbo. Anapiga watu?

Hapana. Fimbo hupigwa sakafuni, ili mlio wake uwe ishara ya kuanza, kuganda au kubadili. Sisi tuliopitia shule za viboko tunaiona fimbo na mwili unajikunja wenyewe. Jambo hilo si dogo, na mkufunzi mwenye busara hutumia makofi au kipande cha mbao akiona watu wameingiwa na hofu.

Nidhamu ya ukumbini ni kali: huchelewi, hupigi gumzo, huachi zoezi kwa sababu tu limekuchosha. Ukali huo una mpaka. Mkufunzi akikupiga, akikutukana, akikushika mahali pasipofaa kwa kisingizio cha kurekebisha kiuno, au akikulazimisha kuendelea baada ya kusema umeumia, toka. Hakuna sanaa unayoiacha nyuma hapo.

Magoti yangu yatapona kweli?

Yatakuwa salama ukifanya kwa mpangilio sahihi, na yataharibika ukikosea kwa muda mrefu. Goti lielekee kule vidole vya mguu vinakoelekea, lisizame ndani. Kukita kunafanywa kwa unyayo mzima kwa wakati mmoja, si kisigino pekee, na mguu unainuliwa kutoka nyongani. Nguvu ni ya mguu kwenda chini, uzito wa mwili wote usidondoke juu ya goti.

Jifunze kutofautisha maumivu. Paja linalowaka moto katikati ya zoezi ni misuli inayofanya kazi. Kuamka kesho yake ukishuka ngazi kwa kushikilia ukuta ni kawaida, huisha baada ya siku chache. Lakini maumivu makali ya ghafla, maumivu ndani ya goti, uvimbe, ugoko unaouma sehemu moja kila ukikanyaga, au kisigino kinachochoma asubuhi unapotoka kitandani: simama, pumzika, mwone mtaalamu wa viungo. Na kuna dalili moja ambayo wachache huijua. Ukifanya kazi nzito mno kuliko mwili ulivyozoea, kisha mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi na misuli imevimba na kuuma kupita kiasi, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje. Misuli iliyoharibika inaweza kuziumiza figo.

Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji wa goti, nyonga au mgongo amuulize daktari kwanza. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta na aiweke karibu, si kwenye begi lililoko nje.

Ukumbi wetu una sakafu ya saruji. Tutafanyaje?

Msikite kwa nguvu zote. Naomba lisomwe mara mbili hilo, kwa sababu ndilo kosa ninaloliona zaidi kwetu, ambako kumbi nyingi ni za saruji au vigae. Sakafu za Toga ni za mbao, na mbao hunyumbuka kidogo na kurudisha nguvu. Jukwaa la Noh limejengwa likiwa tupu chini yake, na kwa desturi mitungi huwekwa humo ili mlio usikike vizuri. Saruji hairudishi kitu, mshtuko wote unabaki mifupani mwako.

Tafuteni jukwaa la mbao, hata la kanisa au la shule. Ikishindikana, tandikeni mbao nene za plaiwudi juu ya mikeka ya mpira, mhakikishe hazitelezi. Magodoro hayafai, kifundo cha mguu kitapinda. Na mkiwa na saruji tu, kazi haijasimama: sanamu, mwendo wa polepole, kuburuza nyayo, kushuka na kupanda kwa hesabu, vyote vinafanyika bila kishindo. Kundi lililofanya hayo kwa uangalifu kwa miezi kadhaa liko mbele ya kundi lililovunja magoko yake kwa wiki mbili.

Mimi ni mnene, au nina umri mkubwa, au sijawahi kufanya mazoezi. Nije?

Njoo. Utachuchumaa mpaka pale unapofika, na utaikita miguu kwa nguvu ulizonazo siku hiyo. Anayefanya kwa urahisi mara nyingi hajifunzi haraka, kwa sababu halazimiki kuchagua. Nguvu za miguu zitaongezeka zenyewe. Kinachotazamwa ni kama umebaki umesimama ndani ya zoezi kwa akili yako yote.

Nimecheza ngoma tangu utotoni. Si ni yaleyale?

Utakuwa na mtaji mkubwa: sikio la mapigo, nyayo zisizoogopa ardhi, goti lililozoea kukunjika, pumzi ya kuimba huku unacheza. Mchezaji aliyekulia kwenye sindimba au aliyepitia Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kinachoitwa leo TaSUBa, mara nyingi hushika mapigo kabla mkufunzi hajamaliza kueleza.

Ugumu wako utakuwa mahali pengine. Katika ngoma kiuno ndicho kinachosema, na mshtuko wa mguu unaachiwa upande mpaka mabegani na kuwa uzuri. Hapa unaambiwa uufungie chini, kiuno kikae kimya, na mapigo yasikubebe. Pia ngoma ina wenzako, kuna kuitikiana na vigelegele. Huku hakuna anayekushangilia. Mcheza ngoma hodari anaweza kuona amenyang'anywa furaha. Usiiache ngoma yako kwa ajili ya hili, fanya yote mawili. Sikubaliani na wanaosema mwili wa mwigizaji wa kwetu unahitaji Japani ili upate miguu. Miguu tunayo. Tunachoazima ni njia ya kujipima.

Mimi naigiza Bongo Movie. Kamera iko karibu, kukita miguu kutanisaidia nini?

Kutulia. Kamera inaona kila kope inayocheza bila sababu, na mwigizaji asiye na kituo mwilini hujaza nafasi kwa kutikisa kichwa, kukunja uso, kupandisha sauti. Ukizoea kuganda huku mwili wote unawaka, kukaa kimya mbele ya lenzi kunakuwa kazi unayoiweza. Tena kuna saa za upigaji: onyesho lilelile linarudiwa mchana kutwa kwenye joto, na mara ya mwisho inatakiwa iwe hai kama ya kwanza.

Ila mafunzo haya hayatakufundisha mazungumzo ya watu wawili jikoni, wala namna ya kumsikiliza mwenzako, wala kuchambua mhusika. Hayo utayatafuta kwingine. Nchini Marekani, kundi la SITI, ambalo Suzuki alilianzisha pamoja na mwongozaji Mmarekani Anne Bogart mwaka 1992 na likafunga shughuli zake mwaka 2022, liliyafanya sikuzote sambamba na mafunzo ya utungaji wa papo kwa papo. Naona walifanya sahihi. Mafunzo ya Suzuki peke yake huweza kumfanya mwigizaji kuwa ngome nzuri isiyo na mlango.

Niseme maneno gani nikiwa nimeganda, na je, Kiswahili kinafaa?

Kinafaa mno. Kariri hotuba fupi, ya mistari kumi hivi, uijue mpaka ikutoke bila kuitafuta, kwa sababu ukiwa umechuchumaa hutakuwa na akili ya kukumbuka. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo koo hubaki wazi na sauti husafiri. Hatari yake ni kuacha silabi ya mwisho ife. Ukichoka, "watakuja" inakuwa "watakuj". Zoezi litakuumbua hapo mara moja.

Chagua maandishi yenye mtu aliyebanwa. Hotuba ya Antonio juu ya maiti katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari, inabeba vizuri. Ninayoirudia zaidi ni sehemu ya mwisho ya Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, pale mfungwa anapotakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Mtu anayesema maneno hayo huku mapaja yake yanatetemeka hahitaji kuambiwa aonyeshe mateso. Mkazo uwe kwenye kumwambia yule aliye mbele yako, na maumivu yasisikike katika sauti hata kidogo.

Nimefunga Ramadhani. Niendelee?

Endelea na kazi ya polepole na ya maneno. Kukita kwa muziki kuache, au muhamishie zoezi usiku baada ya futari na tarawehe, mkiwa na maji. Kutoka jasho namna ile bila kunywa ni hatari.

Nivae nini?

Suruali nyepesi inayoruhusu goti kukunjika hadi mwisho na fulana. Wanaovaa hijabu huvaa ile ya michezo, au mtandio uliobanwa vizuri usiofunika macho unapoanguka. Kanga kiunoni hapana, utajikwaa. Vua pete, bangili na mikufu. Kula ukiwa umebakiwa na muda wa saa 2 au 3 kabla ya somo, si muda mfupi kabla ya kuingia.

Naweza kujifunza peke yangu kwa video?

Video zitakuonyesha umbo, na umbo bila jicho la mtu anayekutazama ndilo linaloumiza watu. Ukiwa na nia ya kusafiri, SCOT wamekuwa wakiwapokea waigizaji wa kigeni Toga kwa mafunzo ya kiangazi, na wapo wakufunzi waliopitia huko wanaofundisha Ulaya, Marekani na Australia. Unapomtafuta mkufunzi, muulize alijifunza kwa nani na kwa muda gani. Anayejua kazi hakasiriki kuulizwa.

Kabla hujampata, haya unaweza kuyafanya nyumbani bila hatari. Simama miguu pamoja, mgongo wima, macho yakiwa kwenye kitu kimoja kilicho mbali. Shuka kwa hesabu ya 10, polepole kwa kadiri goti linavyoruhusu, kisha panda kwa hesabu ya 10, bila kichwa kuyumba. Ukiwa katikati ya kushuka, simama, toa mistari miwili ya hotuba yako kwa sauti ambayo jirani wa nyumba ya tatu angeisikia, kisha endelea kushuka. Halafu tembea chumba kizima kwa kuburuza nyayo, kwa dakika 5, kiuno kikiwa kimo kilekile. Rudia siku mbaya na siku njema, asubuhi ukiwa mzima na jioni ukiwa umechoka na daladala, uone sauti inabadilika wapi. Andika unachokiona, na siku ukimpata mkufunzi mpelekee daftari hilo.